Namna Nilifunga Gaini ya Direkteri pasipo Kumuona Mama Mukwe

Siku ya kwanza mu atelie ya toli, karakana ya bati, Shefu alinipatia karatasi moja ya toli, makasi ya chuma na neno moja: "Kata." Sikuuliza kukata nini. Nilikata. Toli ilinipasua kidole, damu ikatonya ku kiatu, na mi niliendelea sawa hakuna kitu. Shefu akakuya, akaangalia chini, akaangalia toli, akasema: "Damu iko kombo, lakini musitari iko sawa. Kesho ukuye tena." Kulikuwa bijana bengine tulifika nabo asubuhi ile. Bao habakuambiwa neno ya kesho. Mi niliambiwa.

Naandika hii juu ya mweye bijana munaoona leo masanduku ya klimatizeri yanatokea ku madirisha ya banki, munazani hewa ya baridi ilizaliwa na ile sanduku. Hapana. Mbele ya sanduku kulikuwa gaini, na mbele ya gaini kulikuwa mi.

Masomo yangu ilikuwa kidogo. Ku misioni nilifika mwaka ya pili, kiisha baba yangu, mulimaji ya Basanga karibu na muto Lualaba, akasema: "Kichwa yako imeshiba, sasa tujaribu mikono." Alisema kweli. Hii mikono ilipasha Kolwezi joto mu mwezi ya sita na kuipoza mu mwezi ya kumi, miaka kwa miaka, na hakuna direkteri hata moja aliyelala na baridi juu ya kosa yangu. Kama muko naye, aseme.

Bantu ba mbali banazani Katanga ni jua tupu. Balale hapa mwezi ya saba. Asubuhi mayi ya mu ndoo ilikuwa inavaa ngozi ya barafu, na imbwa zilikuwa zinalala mu majivu. Shiye mu kambi tuliota moto ku mbabula, ile jiko ya makala yenye matundu, tukikohoa pamoja. Lakini mu nyumba ya bakubwa ba mugodi, chini ya sakafu, mu kave, kulikuwa kaloriferi, jiko kubwa ya chuma inayokula makala ya mawe. Ile jiko haipike bukari, ugali yetu, haichome nyama. Inapasha hewa, basi. Feni mukubwa, tuliyoita vantilateri, inasukuma ile hewa mu gaini. Na gaini ni mufereji ya toli ya pembe ine, inapita chini ya sakafu na ndani ya kuta mpaka kila chumba, na ku mwisho kuna grili, dirisha kidogo ya chuma pahali joto inatokea. Mule ndani kuna klapeti, ulimi ya toli ya kufungua na kufunga. Ni sawa ulimi ya muntu: ukiiacha wazi ovyo, nyumba nzima inavurugika.

Kitu bantu banasahau ni hewa ya kurudi. Hewa ikienda, lazima irudi ku jiko, ipate joto tena. Kwa ile safari ya kurudi kulikuwa gaini ingine, pana kuliko ile ya kwanza, jina yake reprizi. Gaini ya kwenda ikitoboka, unapoteza joto kidogo. Reprizi ikitoboka, inavuta kila kitu iko karibu nayo, vumbi, moshi, harufu ya viatu, na kuipeleka mpaka mu chumba ya kulala. Kwa tundu moja ya reprizi, kazi yangu, nyumba yangu na bibi yangu bilikaribia kwenda siku moja.

Lakini nianze na hospitali, kwa kuwa kule njo jina yangu ilitokea.

Balinituma ku hospitali mu mwezi ya kumi, wakati joto inabana kichwa. Mu chumba ya kupasulia bagonjwa balikuwa bameweka mashini ya hewa ya baridi, na gaini ilipita ku plafo, ile dari, juu ya kitanda. Docteur Mukubwa akaniita, jasho ku uso, hasira ku macho.

"Niko napasua tumbo ya muntu," akasema, "na mayi inanitonya mu shingo. Paa inavuja?"

"Docteur, mvua haiyanyesha bado. Ni gaini inatoka jasho."

"Toli inatoka jasho?"

"Ndani iko baridi, inje iko joto, na haina nguo. Nitaivalisha."

Niliivalisha. Nilizungusha kork, ile gome laini inayokuya na mashua ya Wazungu, nikafunga na bitambaa, nikapaka goudron, ile lami nyeusi, na mayi ikakauka. Docteur Mukubwa akaninyoshea kidole mbele ya masista: "Huyu njo Bwana Mupepo." Toka pale, hata mama yangu aliniita Mupepo. Shefu alisikia, akanitoa ku kazi ya kukata na kunitia mu ekipe, ile kundi ya kazi, ya gaini.

Shefu alikuwa Mubelji mufupi, anatembea na metre mu mufuko ya mbele sawa padri na rozari. Kusema kwake kulikuwa kufupi pia. Ukimuletea toli ya kombo, hakukutukana. Aliiweka ku meza, akaiangalia mpaka weye mwenyewe unasikia haya, na unairudisha.

Mu ile ekipe kulikuwa muntu moja aliyeweza kusimama karibu na mi. Sisemi alinipita. Karibu. Jina yake Kabeya, mutoto ya Bakasai balioletwa zamani juu ya kazi ya mugodi, amezaliwa mu kambi, Kifransa ku ulimi, tumbo mbele, na maneno sawa pilipili.

"Mupepo," alikuwa ananiambia, "weye unavuma sana, lakini haunyeshe."

"Na weye unanyesha tu pahali hakuna shamba," nilimujibu.

Kila asubuhi ilikuwa vile. Siku hatukutukanana, bantu baliuliza nani mugonjwa.

Wakati ule nilikuwa nimeposa Monique, binti ya Tata Mumba, mupishi ya Direkteri. Tata Mumba alikuwa Musanga sawa mi, muntu ya heshima na ya kichwa nguvu. Alipokea posa yangu, kiisha akaniambia mbele ya baba zangu: "Mutoto yangu hatalala mu kambi ya baselibateri, bale pasipo bibi, kitanda ku kitanda na bantu banaokoroma. Utafute nyumba ya matofali, njo utakuya kumuchukua." Na nyumba ya matofali balikuwa banapatia kwanza bakapita, ile bakubwa ba ekipe. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nikiwa kapita, niko na nyumba. Nikiwa na nyumba, niko na Monique. Nisipokuwa kapita, kulikuwa infirmier moja, muuguzi mwenye velo, ile baiskeli, anayepita kwa Tata Mumba kila siku ya Mungu kuuliza habari ya afya ya bantu ambao habakuwa bagonjwa.

Sasa lazima muelewe desturi yetu, juu bijana ba leo banacheka na mama mukwe ku meza moja. Wakati yetu, mukwe hakumuangalia mama mukwe ku macho. Hakusema naye. Ukikutana naye mu njia, unaingia mu majani mpaka apite. Na jina yake haitoke mu kinywa yako, hata kwa kiapo. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ilidumu mpaka siku bakwe banakupikia chakula ya kukuingiza mu nyumba, na ile siku ingeweza kukawia hata miaka.

Na kuna munkoyo. Munkoyo ni kinywaji ya mahindi na mizizi ya pori, tamu, na uchachu kidogo. Siku ya kumaliza ndoa, mama ya binti njo anapikia bantu ba bwana, na mbele ya ile siku anaijaribu mara mingi. Ikichacha muzuri, banasema: balitupatia binti na moyo. Ikilala, haina uchachu, banasema: balitupatia na moyo ya baridi. Lakini mu mwezi ya saba, munkoyo ya kambi inalala sawa mutoto. Inataka joto. Na joto ya kudumu, usiku na mchana, ilikuwa wapi Kolwezi? Muko bantu benye akili, mumeisha kujibu.

Mi sikuwa bado na jibu ile asubuhi Shefu alituita ku nyumba ya Direkteri.

Tulipanga musitari mu salon, kofia mu mikono. Madamu, bibi ya Direkteri, alikuwa amefungua madirisha yote na amevaa manto, koti nzito ya baridi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shefu akasema:

"Nyumba inanuka. Haiko gazi, haiko makala. Madamu iko na fete, sherehe kubwa, siku ya posho, ile jumamosi, bageni banatoka mpaka Elisabethville. Atakayeondosha hii harufu mbele ya fete, njo atakuwa kapita ya gaini. Nimemaliza."

Kabeya akainama ku grili, akavuta pua.

"Ni panya, Shefu. Panya alikufa mu gaini."

"Panya ya wapi," nikasema, "anayekufa na harufu ya mahindi?"

"Alikula mahindi mbele ya kufa. Weye hukumuuliza."

Nilipiga magoti, nikavuta pumzi moja. Bakasai habapike munkoyo, kwa hiyo Kabeya alikuwa na ruhusa ya kukosa. Mi nilinyonya ile harufu mu mugongo ya mama yangu. Ilikuwa munkoyo, na munkoyo ya muzuri, inayoamka vizuri. Na kama inanuka mu vyumba byote pamoja, usitafute mu chumba hata moja: inaingia ku reprizi, na reprizi inapita mu kave.

"Shefu," nikasema, "tufungue kave."

Shefu akamuita mupishi. Tata Mumba akakuya anapangusa mikono ku tabliye, ile aproni ya jikoni, uso sawa kanisa.

"Fungulo ya kave iko wapi?"

"Imepotea, Shefu."

"Tata," nikasema polepole, "kuna fungulo ku mukaba yako."

"Ile ni ya sukari," akajibu, na aliangalia plafo.

Tata Mumba hakuwa muntu ya kupoteza fungulo. Nilianza kusikia joto ku shingo, lakini Shefu hakuwa na wakati ya joto yangu. Akazima vantilateri na kufungua grili kubwa ya reprizi mu koridoro. "Kama mushono ya gaini imefunguka, itaonekana hata kutoka ndani," akasema. "Nani anaingia?"

Tukaangalia tumbo ya Kabeya. Yee mwenyewe akaiangalia.

"Ile mulango ni ya bantu banaokula kidogo," akasema. "Mupepo aende. Yee iko hewa tupu."

Niliingia na kichwa, na nyundo, na mufuko ya riveti, na kipande ya toli. Riveti ni musumari mufupi ya kichwa, unaipitisha mu toli mbili na kuiponda ku mwisho mpaka zishikane. Nilienda na tumbo, viwiko mbele, vumbi ya miaka mu pua. Mbele yangu mwangaza ikatokea. Agrafi ilikuwa imefunguka. Agrafi ni mushono ya toli pasipo uzi: unakunja midomo mbili ya toli, moja ndani ya ingine, na kuipiga. Entrepreneur aliyejenga ile nyumba aliipiga mara moja na kwenda kula. Sasa midomo iliachana wazi, mukono ungeweza kupita.

Nikaweka jicho. Niliona kave, ubavu ya kaloriferi, na karibu nayo nyungu za udongo zimepangwa, zimefunikwa na majani, zinapumua. Niliona muti ya kukorogea. Niliona mukono inashika ile muti. Kiisha mwenye mukono akakohoa.

Ile kikohozi nilikuwa nimeisikia nyuma ya ukuta ya Tata Mumba kila mara nilipoenda kusalimia. Nikafunga macho yote mbili.

Mufikiri namna nilikuwa. Nyuma yangu, Shefu na kazi ya kapita. Mbele yangu, mama mukwe na munkoyo ya ndoa yangu. Kurudi na kusema nimemuona nani, siwezi. Kurudi na kusema sikuona kitu, nafasi inaenda kwa Kabeya, na Monique anaenda na velo. Na kusema naye, hata neno moja, ni kukosa heshima yote ya baba zangu. Kuingia mu majani, hakuna majani mu gaini.

Basi nilifanya kitu hakuna tolier, fundi ya toli, aliyefanya mbele yangu. Nilishika nyundo yangu, nikaiangalia, nikasema nayo.

"Nyundo yangu, weye na mi tuko peke yetu hapa."

Muti ya kukorogea ikasimama. Kiisha sauti ikatoka ngambo ya toli, polepole:

"Nyungu yangu, sikia. Leo hata nyundo zinasema."

"Nyundo, ile mushono imefunguka. Harufu yote ya hapa inapanda kwa Madamu. Madamu amevaa manto mu salon. Shefu anatafuta mwenye kosa."

"Nyungu, na tukitoka hapa ku moto, weye utalala. Bantu ba kwa mukwe bakuye bakunywe mayi, baseme binti yangu alitoka mu nyumba ya baridi. Nyundo haifikiri ile."

"Nyundo, ujibu muzuri: hakuna anayesema nyungu zitoke. Zisogee ku upande ya mulango, mbali na mushono. Joto iko mule pande zote. Mi nitafunga, na harufu itabaki mu kave."

"Nyungu, tuulize hii nyundo kama inajua kufunga kweli. Kwetu tulisikia habari za kinywa yake tu."

Nilitaka kujibu na sifa zangu, Mungu anajua ninazo, lakini si wakati. Nikasikia nyungu zinaburutwa, moja na moja, kwa pole. Kiisha shida ya pili ikatokea. Kuponda riveti kunataka bantu babili: moja anapiga ndani, moja anashikilia chuma nzito inje, ili nyundo ikutane na kitu. Pasipo ile chuma, toli inaingia tu na kutoka sawa tumbo ya chura.

"Nyundo yangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo sasa, "kama kungekuwa chuma nzito upande ule, na muntu ya kuishikilia, tungemaliza."

Ku kona ya kave njo pahali balikuwa bananyosha manguo ya nyumba. Nikasikia fero ya kunyosha, ile pasi nzito ya zamani, inanyanyuliwa ku meza, na kugongana na toli mbele ya uso yangu. Tong.

"Nyungu," akasema, "uambie nyundo ipige. Na isipige vidole ya muntu."

Nikapiga. Yee akashikilia. Nikasogea, na fero ikasogea pamoja na mi, pasipo kuambiwa, pale pale riveti ingine ilitaka kuwa. Nimefanya kazi na bantu bengi, Bakasai, Balunda, Babelji, na nasema pasipo woga: hakuna aliyenishikilia chuma sawa ile mama. Hatukuonana hata uso. Nikapaka mastiki, ile gundi ya kuziba, mu mupaka, nikavuta mukono juu ya mushono, na ilikuwa laini sawa shavu ya mutoto.

"Nyundo yangu," nikasema, "asante."

"Nyungu yangu," akasema, "tuone kama itadumu."

Nilirudi nyuma, miguu mbele. Nikatoka mu grili mweupe kwa vumbi toka kichwa mpaka kisigino, na mbele yangu kulikuwa Shefu, Madamu, na Kabeya, bamepanga musitari, na nyuso zabo hazikuwa nyuso za bantu banaongojea. Kabeya alikuwa amefunga kinywa na kofia. Njo pale nilikumbuka kitu kila muntu ya gaini anajua: vantilateri ikizimwa, gaini inabeba sauti kuliko telefone.

Shefu akauliza: "Mushono?"

"Imefungwa, Shefu. Na riveti."

"Ulisema na nani kule?"

"Na nyundo, Shefu."

"Riveti inataka chuma upande ya pili. Nani alishika chuma?"

Nikapangusa vumbi ku nyundo.

"Nani iko mu kave?"

Ile jina ilikuwa ndani yangu yote, ilipanda mpaka ku meno, na meno ilikataa kufunguka. Ku mulango ya jikoni niliona Tata Mumba amesimama, tabliye mu mikono, anaikunja na kuikunjua.

"Mi nataka kapita," Shefu akasema, "anayeniambia kitu aliona. Kapita anayenyamaza, si kapita. Nauliza mara ya mwisho."

Nilikuwa naona nyumba ya matofali inaenda, na mulango yake, na Monique ku mulango. Lakini kuna bitu muntu hasemi, na kama hamuelewi hii, rudini mahali nilieleza desturi.

Kabeya njo akatoa kofia ku kinywa.

"Shefu, unipe ruhusa. Huyu muntu kwa kwabo hawezi kutaja ile jina hata ukimupiga. Mi siko mukwe, mi niko Mukasai, kwangu ni jina sawa jina zote. Mu kave muko Mama Mumba, bibi ya mupishi, na ile bitu inayonuka ni munkoyo ya ndoa ya Mupepo mwenyewe. Aliyeshika chuma ni mama mukwe yake. Njo juu ya nini alisema na nyundo. Kama angesema na ile mama, pale njo ungekuwa na muntu ya kufukuza."

Shefu akamuangalia. "Na weye ulisema ni panya."

"Nilisema, Shefu. Sasa nimeacha."

Madamu akasema neno fupi ya Kifransa. Kabeya akanigeuzia pembeni: "Anauliza kama harufu imekwisha. Ile tu."

Shefu akawasha vantilateri. Tukafunga madirisha, tukangojea, pua juu, sawa bawindaji. Joto ikatoka ku grili, safi, inanuka chuma ya joto na hakuna kitu ingine. Madamu akavua manto yake, akaipatia Tata Mumba, akaenda kupanga maua ya fete. Kwake ilikuwa imekwisha. Na fungulo ya kave, ile iliyopotea, ilionekana palepale mu mukono ya Tata Mumba, yee mwenyewe akiishangaa.

Shefu alishuka kave peke yake. Alikawia. Alipopanda alikuwa anapangusa metre yake.

"Niko na bantu," akasema, "banaonana kila siku, uso kwa uso, na toli yabo inavuja. Hii imefungwa na bantu babili habakuonana, na haivuje. Mupepo, ni weye kapita." Kiisha akageuka ku Kabeya. "Na weye utafute panya."

Bengine mu kambi balisema nilipata ukapita kwa kinywa ya Kabeya. Uongo. Kinywa ilikuwa ya Kabeya, lakini mushono ilikuwa yangu. Hata hivyo nilimuuliza siku moja: angenyamaza, kazi ilikuwa yake, juu ya nini alisema? Akanijibu: "Nilifikiri, kama hamuoane, ile munkoyo nani atakunywa?" Na siku ya ndoa alikunywa, muniamini, mpaka Tata Mumba akauliza kama Bakasai bote bamealikwa ndani ya huyu moja. Munkoyo ilikuwa imechacha sawasawa. Baba zangu balisema: balitupatia na moyo.

Kiisha miaka ilienda. Niliongoza gaini ya Kolwezi. Nilitumwa Sandoa kuweka hewa mu hospitali kidogo, na kule Balunda baliniita Mwata Mupepo, sawa sultani, sikukataa. Uhuru ikakuya, Wazungu bengi bakaenda, kaloriferi nyingi zikazima na hazikuwashwa tena. Nilifundisha bengine. Hawajui kupiga agrafi sawa mi, lakini banajaribu. Kabeya alipata ekipe ya klimatizeri, na hata leo akinikuta mu soko anauliza habari ya nyundo yangu, kama inaendelea kusema.

Sasa balinipatia pensheni, nikiwa bado na nguvu ya kuinua toli na mukono moja. Niko na atelie yangu nyuma ya nyumba. Niliijenga mwenyewe, nyumba na atelie, tofali kwa tofali, na kila muntu anayepita anasema: ile njo ya Mupepo. Nikifikiri juu ya kazi yangu, naona kitu moja: hakuna anayemushukuru muntu ya gaini. Toli iko mu kuta, haionekane. Muntu akisikia vizuri mu nyumba yake, anazani ni moyo yake mwenyewe. Anakuita tu siku inanuka. Mi sikuhitaji shukrani, juu nilijishukuru kila siku, lakini nasema kwa mweye munaoanza.

Na ile chakula ya kuniingiza kwa bakwe, ilikuwa imekawia. Kwanza Sandoa, kiisha mavita, kiisha kifo ya Tata Mumba, Mungu amupumzishe. Monique alikuwa ananikumbusha, na mi nilisema: kesho. Mwaka jana mu baridi, pensheni ikanipatia wakati, na bakwe bakapika, bakaileta ku nyumba yangu. Nyama, samaki, kuku mzima, kila sahani inafunuliwa moja kwa moja na neno yake. Nilivaa koti. Bantu balijaa mpaka inje. Na mama mukwe, muzee sasa, nywele nyeupe, akaletwa na kukalishwa mbele yangu juu ya mukeka, na kwa mara ya kwanza mu maisha yetu aliinua macho na kuniangalia.

Mi nilikuwa nimetayarisha uso ya kupokea sifa. Miaka yote ile, nilifikiri, ameweka neno. Nilikuwa nimepasha joto badirekteri, bamonsenyeri, na bagonjwa. Atasema nini isipokuwa ile?

"Mukwe," akasema, polepole, ile sauti ya kave. "Nyumba yako iko baridi."

Kabeya alikuwa wa kwanza kuanguka kwa kicheko, na Monique wa pili. Yee mama hakucheka. Alikuwa anavuta kitambaa ku miguu yake na anangojea jibu.

"Ndiyo, mama," nikasema. Ilikuwa neno yangu ya kwanza kwake.

Nikavua koti, nikaipatia Monique, na wakati bageni banaendelea kula, nikaanza kupima ukuta na mikono, nitafute pahali gaini itapita.